Kibuyu Kisichomwagwa

Kijiko cha baba kilikuwa kinasema uongo. Sikugundua mapema kwa sababu ulikuwa uongo wa kufurahisha, na uongo wa namna hiyo nani anauchunguza? Kila asubuhi, pale Nyumba ya Chanzo mjini Tukuyu, habari za vijiko vyote vya wilaya zilipanda kwenye ukuta wetu mweupe zikiwa rangi tu. Kijani ilikuwa ya aliyelala na kula vizuri, manjano ya mwenye jambo linaloanza kujikunja ndani, na nyekundu ya mtu wa kuendewa siku hiyohiyo. Zikichanganyika na mvuke wa chai yetu ungedhani ukuta unapumua. Baba yangu, Mzee Anganile, alikuwa kijani tupu tangu mama alipofariki. Wenzangu walinitania kwamba mzee huyo ana siri, aje basi atufundishe na sisi.

Kisha asubuhi moja, kwa udadisi tu, nilifungua maelezo yaliyo nyuma ya rangi ya kijiko chake, nikakuta ugoro.

Nilirudia kusoma. Kijiko cha uji huonja mate ya mtu anapokula, hakina kazi nyingine, na chenyewe hakijui aibu. Kilisema mate ya baba yangu yana ugoro wa siku nyingi, na kwamba jana yake alitafuna muwa. Baba yangu ni mzee wa kanisa, hajawahi kunusa ugoro hata wa kuonjeshwa. Na muwa angeutafuna kwa nini? Magego yote yameng'oka, hata ndizi mbalaga zilizopikwa zikalainika anazipondaponda kwanza.

"Huyu si baba," nilisema peke yangu.

Nikachukua kamba yangu ya kazi, nikaingia kwenye kijumba kinachoning'inia kwenye waya na kushuka mabondeni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba, kijumba kikawa kinazama na kuibuka, kinazama na kuibuka, na kila kilipoibuka nilimwona Rungwe, mlima wetu, amekaa palepale. Safari hiyo hunitia usingizi siku zote. Siku hiyo nilikuwa macho kabisa, naogopa.

*

Nilitokea upande wa jikoni. Kwenye ngazi alikaa Mzee Lwitiko, jirani yetu, ana bakuli la uji mapajani na kijiko cha baba mdomoni. Ugoro ulikuwa umemwachia alama ya kahawia chini ya pua.

"Shikamoo, baba Lwitiko."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile, umeamkaje?" Kijiko kilikwishaingia ndani ya sweta.

"Ndaga. Uji wa nani huo?"

"Wa baba yako. Mimi namsaidia."

"Unamsaidia kula?"

"Ee. Usidhani ni kazi ndogo, mama, maana mimi nimeshakunywa chai kwangu. Naja hapa tumbo limejaa, nakula tena. Kwa ajili ya urafiki tu." Alinitazama kwa macho ya kutia huruma, ya mtu aliyefumaniwa. "Usimgombeze. Ana sababu zake."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Nilimwacha amalizie, nikaingia ndani.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama, miguu ameinyoosha mbele, anamenya ndizi na kuimba kwa pua. Wimbo wenyewe niliujua. Ni ule ambao mama alikuwa anauimba nusu tu, akifika katikati anarudi mwanzo, kwa sababu sehemu ya pili hakuwahi kuishika. Baba aliijua sehemu ya pili vizuri sana, aliimba kwaya. Sasa alifika katikati, akarudi mwanzo.

"Baba, umeanza kukaa kimama," nilisema baada ya kumsalimu.

"Mgongo," alijibu, akaiangalia miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Karibu, karibu. Umekonda. Hao watu wa vijiko wanawalisha kweli?"

Akanimiminia chai. Kabla ya kunipa, alinyanyua kikombe changu akaonja, kisha akanikabidhi.

Kwetu anayemkaribisha mtu kinywaji huonja kwanza, ili mgeni aone kwamba kikombe ni salama. Watu hufanya hivyo kwenye pombe na mbele ya wageni. Mama alifanya kwa kila kitu, hata maji, hata kwa mtoto wake mwenyewe aliyetoka kuamka. Baba hakuwa na muda na mambo hayo. Alikuwa akimtania mama kwamba ukikaa na Tusekile utakunywa nusu kikombe maisha yako yote. Na sasa yeye ndiye aliyeonja, tena kwa midomo iliyobinuka kidogo, kama mama.

Aliponiinamia, pumzi yake ilinifikia, nayo ilinukia mama.

Si manukato, wala si sabuni. Ilikuwa harufu yenyewe ya mama akirudi shamba, maziwa na majani ya mgomba yaliyopondeka na chumvi kidogo. Pua ni chombo changu cha kazi, wala haikuwa na shaka hata chembe. Nilikishika kikombe kwa nguvu nisije nikakiangusha. Nilitaka kulia, na zaidi ya hapo nilitaka aendelee kunipumulia.

"Baba," nilisema, "kibuyu kiko wapi?"

*

Watoto wa siku hizi hupakwa tone ulimini siku wanapozaliwa. Baba na mama walilipata ukubwani, wakati matone yalipoanza kugawiwa. Ndani ya tone kuna bustani, ndivyo tunavyoiita, vijidudu vilivyofundishwa kuusikiliza mwili mmoja. Bustani hukaa tumboni, hujifunza. Inajua ukikosa usingizi, ukikasirika ukanyamaza, ukila kwa haraka, na taratibu hutengeneza kile kinachopungua na kupunguza kinachozidi. Kisukari na presha vimebaki kwenye masimulizi ya wazee kwa sababu hiyo. Sisi wa Nyumba ya Chanzo hatusubiri mtu augue. Tunakwenda kwake akiwa mzima, tunakaa naye mpaka chai ipoe, tunamuuliza analala vipi, anakula na nani, nani kamuudhi. Kila jibu tunalifunga fundo kwenye kamba ya mgomba, kisha tunauliza tena kwa nini, mpaka kamba itufikishe kwenye chanzo.

Mtu akifa, bustani yake hukusanywa ingali hai, ikalazwa kwenye maziwa ndani ya kibuyu. Siku ya kumaliza matanga ndugu hukaa duara, kila mmoja hunywa funda moja. Siku chache zinazofuata wanaamka na hamu ya vyakula ambavyo hawavipendi, wanalala kwa ubavu wasiouzoea, wanamwota marehemu. Wataalamu wetu wanasisitiza kwamba bustani haina kumbukumbu. Inabeba njaa tu, na utulivu, na woga, vya mtu fulani, na ubongo ukivipokea vitu hivyo vigeni unavitafutia sura ya kuvivalisha. Ukiwaambia hivyo waliofiwa wanaitikia kwa adabu, wanaendelea kuota. Baadaye bustani ya mwenye tumbo inammeza mgeni, ndoto zinakwisha. Maziwa yaliyobaki kwenye kibuyu humwagwa kwenye mashina ya migomba ili marehemu aende zake.

Ya mama yalimwagwa. Niliyaona kwa macho yangu yakiingia udongoni, meupe.

"Yale yalikuwa ya dukani," alisema baba.

Kibuyu kilikuwa chumbani, kwenye upande wa kitanda aliolala mama, kimefunikwa kanga hadi shingoni. Nilikifunua. Kilikuwa cha moto kidogo, kama kitu kilicholala na mtu.

*

Nilimfanyia kazi baba yangu kama ninavyomfanyia mtu yeyote. Nilitoa kamba, nikaiweka mapajani.

"Unalala vipi?"

"Kama mtoto."

"Unaota?"

Alitabasamu mpaka macho yakafumba. "Kila nikilala. Namkuta jikoni. Kuna mwanga, sijui unatoka wapi, maana dirisha la jiko lile unalijua. Hanisemeshi sana. Anapanga vikombe. Mimi nakaa tu pale mlangoni, sina haraka, sidaiwi kazi. Halafu kunakucha."

Nilifunga fundo. Nilimpa kijiko changu mwenyewe, kile cha kazi, akakishika kwa midomo. Mpini ukabadilika taratibu, ukawa mwekundu kama udongo wa barabara ya shamba. Nilinusa pumzi yake tena, nikaonja ubavu wa kijiko, maana vijiko hukosea na ulimi wa tabibu ndio rufaa. Kwa sababu hiyo sisi haturuhusiwi kurithi mtu yeyote kwa kunywa kibuyu chake. Tumbo la tabibu lazima libaki la kwake peke yake, la sivyo anapima watu kwa mizani iliyopinda. Ndicho kiapo tunachokula siku tunayopewa kamba.

Niliyoyakuta ni haya. Mama alikuwa na damu haba na mwili mkavu. Maisha yake yote bustani yake ilifanya kazi moja kubwa, kuzuia chumvi na sukari zisipotee, kuusukuma moyo usizubae. Ilimfaa sana. Sasa bustani hiyohiyo ilikuwa imemea ndani ya mwanaume mnene mwenye moyo wa nguvu, nayo iliendelea kuzuia na kusukuma kwa bidii ileile, ikidhani bado inamhudumia Tusekile. Mishipa ya baba ilikuwa imekazwa kama kamba za hema. Hakuna mahali palipomuuma.

"Kwa hiyo naumwa?" aliuliza.

"Bado."

"Nasikia maumivu?"

"Hapana."

"Nakula?"

"Anakula Lwitiko."

Alicheka kwa kicheko chake mwenyewe, cha tumboni, nikafurahi kukisikia. Kisha akafuta macho. "Basi mwanangu, unataka kuninyang'anya mke wangu kwa ajili ya ugonjwa ambao haujafika."

"Ukifika hautabisha hodi, baba. Mshipa mmoja kichwani, basi. Asubuhi Lwitiko atakuja kula uji wako, atakukuta."

"Atanikuta nimelala naye."

Hiyo ndiyo adha ya kazi yetu. Aliyevunjika mguu anakushukuru hata kabla hujamgusa. Sisi tunamwendea mtu anayeota moto kwa raha zake, tunamwambia nyumba itaungua, na yeye anatuona wachawi wa baridi.

Niliendelea na kamba. Kwa nini mishipa imekaza? Kwa sababu ya bustani ya mama. Kwa nini bustani ya mama imeishinda yako? Kwa sababu ninakunywa kila siku, asubuhi natemea mate kidogo kibuyuni, naongeza maziwa mapya. Kwa nini unakunywa kila siku? Kwa sababu kibuyu hakikumwagwa.

"Kwa nini hakikumwagwa?"

Baba alikiangalia kigoda. "Hilo niachie mwenyewe," alisema, akatoka kwenda kuwaangalia ng'ombe ambao walikuwa hawana shida yoyote.

Fundo la mwisho likabaki halijafungwa.

*

Mchana mvua ilishuka, ile mvua ya Rungwe isiyo na ngurumo, inayonyesha kana kwamba imesahau kuacha. Nyumba nzima ikawa na sauti moja. Baba alirudi, akajilaza kwenye kiti, akasinzia, na midomo yake ikawa inachezacheza, nikajua yuko jikoni na mama.

Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na maji ya kufagia. Hayana rangi, hayana ladha. Mtu akiyanywa, yote yaliyomea tumboni mwake yanang'oka, kisha tunampandia mbegu yake mwenyewe, ambayo Nyumba ya Chanzo huihifadhi tangu alipopewa tone. Sheria inataka mwenyewe akubali. Lakini nawajua wenzangu waliowahi kuyamimina kwenye uji wa watu wabishi. Watu hao wapo hai, wanatusalimia sokoni kwa furaha, wanatuletea parachichi, hawajui lolote. Nimewahi kumlaani mmoja wa wenzangu hao mbele ya kikao kizima. Sikuwa nimemwona baba yangu na mpini mwekundu mdomoni.

Nilifikiri hivi: ndoto zitafifia polepole, atadhani ni Tusekile mwenyewe ameamua kwenda. Atahuzunika na atakuwa hai. Nitamtembelea kila wiki nikiwa na uso wa mtoto mwema. Ile sehemu ya uso ilinikera, lakini mkono ulikuwa umeshafungua mkoba.

Nikamimina maziwa ya kibuyu kwenye kikombe, nikaongeza maji ya kufagia, nikakoroga. Baba alipofumbua macho nilikuwa nimesimama mbele yake.

"Karibu maziwa, baba."

Alipokea. Akakileta karibu na midomo, akasita, akanirudishia.

"Onja."

Sikutegemea. Nilisimama na kikombe, mvua inanyesha. Nikikinywa, ningefagika mimi, na bustani ya tabibu ikifagiwa haimei tena sawasawa kwa miaka. Nisipokinywa, nimeshasema yote. Nilimtazama akiwa amekaa kimama na midomo imebinuka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba anayenitazama ni yeye, baba, ametulia, hana hasira.

"Nimeweka dawa," nilisema. "Ya kukufagia. Nisamehe."

"Najua. Umenipa bila kuonja. Mtoto wa Tusekile!" Alitikisa kichwa kama mtu aliyeona kanga mpya imefuliwa kwa maji ya tope. "Ungekuwa umeonja ningekunywa. Kaa chini."

Nilikaa kwenye mkeka. Nililia, sikuona sababu ya kuficha.

"Siku ile ya kumaliza matanga," alisema, "kibuyu kilikufikia. Ulikishika, ukakinusa, ukakinusa muda mrefu mpaka shangazi yako akakohoa. Kisha ukampa yeye. Sikukulaumu, kiapo ni kiapo. Lakini niliona namna ulivyokinusa."

"Baba..."

"Ngoja nimalize, nimekaa nalo siku nyingi. Nikasema, kazi hii siku moja atachoka nayo, au itamchoka. Siku hiyo atamtafuta mama yake. Ndugu zake wote wamemwonja, yeye atakuta migomba. Nikaenda dukani nikanunua maziwa, nikamwaga hayo. Nilidhani kibuyu kitakaa tu kabatini kama kinavyokaa chochote. Kumbe wapi. Nilipokifunua mara ya pili kilikuwa kinaanza kufa, hata harufu imepungua. Chachu hii haikubali maziwa peke yake, inataka tumbo la mtu. Nikampa mama yako la kwangu. Nilikuwa nakutunzia."

"Na ndoto?"

"Ndoto zilikuja kama nyongeza." Aliona haya kidogo, mzee mzima. "Sikuziomba. Na sikuzikataa, nisikudanganye."

Kamba ilikuwa bado mapajani mwangu. Nilifunga fundo la mwisho, nikaishika ncha. Nimefuata kamba nyingi katika kazi hii. Nimekuta vyanzo kwenye visima, kwenye vitanda vya godoro bovu, kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Sijawahi kufika mwisho wa kamba nikajikuta mwenyewe nimekaa pale. Chanzo cha ugonjwa wa baba yangu kilikuwa ni mdomo wangu ambao haukunywa.

Na nilijua, kwa ujuzi uleule uliokuwa umenileta, kwamba hata ningemfagia kwa siri angeanza upya kwa kibuyu kingine, kwa tone lililobaki kwenye shingo ya hiki, kwa chochote, kwa sababu nilikuwa bado sijanywa. Tunafundishwa siku ya kwanza kwamba chanzo hakiondoki kwa kufutwa alama zake. Tunalirudia jambo hilo mpaka linachosha, na mimi ningeweza kulisema usingizini.

Nikachukua kile kikombe, nikakimwaga nje, mvuani. Nikaenda chumbani, nikarudi na kibuyu. Niliwaza ukuta mweupe wa Tukuyu na meza yangu iliyo chini ya dirisha. Niliipenda kazi hii. Niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

"Utarudisha kamba?" baba aliuliza. Alikuwa ameelewa.

"Nitarudisha."

"Usifanye kwa ajili yangu."

"Nafanya kwa ajili yangu, baba. Na damu yangu ni haba kama yake. Bustani hii kwako ni sumu, kwangu imefika nyumbani." Hilo nalo lilikuwa kweli, nililipima moyoni mara mbili kabla ya kulisema. Nikamkabidhi kibuyu. "Onja kwanza."

Alionja kidogo sana, akafumba macho kwa muda. Kisha akanipa.

Yalikuwa machachu, mazito, na nyuma ya uchachu kulikuwa na moshi wa jiko. Sikusikia kitu cha ajabu. Nilisikia njaa tu, ghafla, ya ndizi za kuchoma, ambazo sizipendi.

Baba alisimama akanyoosha mgongo. Akakitazama kigoda, akakivuta kwa mguu mpaka ukutani, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

"Haya," alisema. "Yako wapi hayo maji yako?"

Nilimmiminia kwenye kikombe kitupu, maji peke yake. Kwa mazoea nilikinyanyua mdomoni. Baba akaunyaka mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Hiki usionje!"

Akakichukua, akakinywa chote bila kupumzika.

Baadaye tulitoka pamoja, tukiwa tumejifunika gunia moja, tukayamwaga maziwa yaliyobaki kwenye mashina ya migomba. Mvua iliyachukua mara moja. Lwitiko alikuwa barazani kwake, akatuona, akavua kofia.

*

Nilimwota. Jiko lilikuwa na ule mwanga usiojulikana unatoka wapi. Mama alikuwa amenipa mgongo, anapanga vikombe, nami nilisimama mlangoni bila haraka, sidaiwi kazi. Nilijua kabisa kwamba ni njaa tu na utulivu vimevaa kanga yake. Ujuzi huo ulikuwa umekaa pembeni, mdogo, haukumsumbua mtu. Aligeuka, akachota maji mtungini, akaonja, akanipa.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Baba alikuwa ameamka kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, uso umevimba kidogo wa mtu aliyelala peke yake, mikono ameiweka magotini na hajui aifanyie nini. Nilipika uji, nikamletea. Pumzi yake haikunukia kitu zaidi ya mzee aliyeamka. Mbegu yake ingeletwa kutoka Tukuyu, na mishipa ingechukua wiki nyingi kulegea.

"Umemwona?" aliuliza.

"Nimemwona."

Alikoroga hewa kwa kidole, akitafuta namna ya kuuliza. "Ameniulizia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu, na nani angenishitaki? Lakini siku iliyotangulia nilikuwa nimempa kikombe bila kuonja, na sikutaka kumpa kingine.

"Hapana, baba. Hakusema neno. Alichota maji, akaonja, akanipa."

Baba aliinamia bakuli la uji. Niliogopa nimemvunja. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Hata akiwa hai hakuwa akiniulizia," alisema. "Alikuwa ananiwekea uji tu."

Lwitiko akatokea ukunguni, amekuja kazini, anajifuta pua. Baba alimnyooshea mkono.

"Lete kijiko changu."

Lwitiko akakitoa ndani ya sweta, akakipangusa kwenye suruali, akampa. Baba akachota uji, akaupuliza, akaonja kidogo, akaniangalia mimi. Kisha akauingiza wote mdomoni, na mpini ukawa mwekundu.